Chupi, boksa na taiti za kuhaiki kwenye joto la Pwani: zijaribu zikiwa zimelowa

Watu wakipanga haiki mazungumzo yote ni viatu, begi, maji lita ngapi, nani ana tenti. Nguo ya ndani hakuna anayeiuliza, kila mtu avaa ile ya kwanza aliyoikuta kabatini, alafu ikifika saa tano mchana ukigeuka nyuma wamuona mtu atembea amepanua miguu kama katoka jandoni jana. Viatu vyake vizuri tu, shida iko juu ya magoti. Na akishachubuka hapo hamna plasta itakayokaa, na njia bado ndefu.

Sasa maelezo mengi ya nguo za ndani za kuhaiki yameandikwa na watu wa sehemu zenye hewa kavu. Wanakwambia nunua kitambaa kinachokausha jasho basi, mambo yameisha. Hapa kwetu haiendi hivyo. Jasho hukauka hewa ikiwa na nafasi ya kuubeba ule mvuke, na hewa ya Mombasa, hasa wakati wa kaskazi kuanzia Januari mpaka Machi, nyuzi 32 au 33 na bahari iko hapo hapo ubavuni, imeshashiba maji tayari. Utalowa tu, uvae kitambaa cha bei gani. Kwa hivyo cha kujiuliza unaponunua ni hiki: hii nguo ikiwa chepechepe, na mimi bado nina masaa matatu ya kutembea, itanifanyaje? Mengine yote huku chini yatoka kwenye hilo swali.

1. Ijue njia kwanza

Si kila safari yataka nguo maalum. Ukishuka Shimba Hills mpaka maporomoko ya Sheldrick, yale ya mita 21, na askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) akiwaongoza, ni kushuka na kupanda, jasho litakutoka ndio lakini jioni uko nyumbani waoga. Boksa au chupi yoyote nzuri isiyobana yatosha, usijitie gharama.

Tiwi kwenda Diani kwa ufuoni ni habari nyengine. Jua la juu na jua la kwenye mchanga, na ukifika mto Mwachema pale karibu na msikiti wa Kongo sharti ungojee maji yapwe ndio uvuke, na hata yakipwa usishangae kulowa mapaja. Maji ya bahari yakikaukia kwenye nguo yaacha chembe za chumvi, mchanga nao waingia kwenye mapindo, na kutoka hapo kila hatua yakwaruza. Safari kama hii yataka nguo utakayoweza kuisuuza kwa maji baridi (yasiyo na chumvi namaanisha) ukaikamua na kuivaa tena hapo hapo.

Alafu kuna za Taita. Mlima Kasigau ni mita 1,641, Vuria ambayo ndio juu kabisa ya Taita Hills ni mita 2,208. Chini mwaanza na joto la nyika, mwatota jasho, juu mwaingia msitu wa mawingu wenye ukungu na upepo. Ile pamba iliyokuwa imekulowea tangu asubuhi huko juu yakupoza kiuno mpaka watetemeka. Hapa kitambaa ndio chafanya tofauti kubwa.

2. Kitambaa

Viwanda vya nguo vina kipimo chao cha kitambaa kinakaa na maji kiasi gani kwenye hewa ya kawaida ya majaribio, unyevu wa asilimia 65. Pamba hushika kama asilimia 8.5 ya uzito wake, nailoni kama 4, polista 0.4 tu, sufi ya merino kama 16. Hio ni hewa tu, bado hujamwaga jasho. Wazo lenyewe ni kwamba polista na nailoni hazinywi maji mengi ndani ya nyuzi, maji mengi yakaa juu juu, ukikamua yatoka. Pamba yanywa yote, yavimba, yawa nzito, yashikana na ngozi, na ngozi iliyolowa ndio huchubuka haraka.

Kwa hivyo kwa safari ndefu pamba tupu iache nyumbani. Najua tumelelewa na maneno ya pamba ndio yapumua, na kwa kukaa ofisini au kulala ni kweli kabisa, endelea nayo. Lakini kutembea kilomita kumi na tano na begi mgongoni si kukaa ofisini.

Nailoni iliyochanganywa na spandeksi kidogo (zile nyuzi zinazovutika na kurudi) ndio chaguo langu kwa Pwani. Ni laini kuliko polista, yateleza kwenye ngozi hata ikilowa, haichakai haraka. Polista ni rahisi kupata na yakauka upesi zaidi lakini yashika harufu, yaani jioni moja tu na wenzako wataanza kukaa mbali na wewe kwenye moto. Merino haina shida ya harufu, waweza kuivaa siku mbili tatu, na hata ikiwa na unyevu haikupi ule ubaridi wa pamba, kwa hivyo wa kwenda Vuria na kulala huko waifikirie. Ubaya wake: bei, na kuipata Mombasa ni mtihani, na ile nyembamba yatoboka mapajani mapema.

Za mianzi. Watu wanaziuliza sana siku hizi kwa sababu dukani zashikika laini kama nini. Jina ni mianzi lakini kitambaa chenyewe ni viskosi, kimetengenezwa kiwandani kutokana na rojo ya mti, na viskosi hunywa maji kuliko hata pamba. Za kulalia poa sana. Za kuhaiki hapana.

Kina dada, angalieni kitu kimoja zaidi: kile kipande cha ndani katikati ya chupi. Hata kama chupi yote ni nailoni, kile kipande kiwe cha pamba nyembamba au kitambaa chenye matundu. Nailoni tupu hapo, joto na unyevu vyabaki ndani, na fangasi hawahitaji mwaliko.

3. Umbo

Kwa wanaume: boksa zile pana zinazopepea ziache. Mguu wake wapanda juu unapotembea, wakunjana kwenye maungio ya paja na hapo ndipo kidonda kinapoanzia. Chukua boksa ya kubana yenye mguu mrefu, inchi 6 mpaka 9, ili paja lisuguane na kitambaa badala ya paja kwa paja. Mbele pawe na nafasi, zipo zilizoshonwa na mfuko wake kabisa wa kuvitenga vitu na mapaja, na ukishazoea hizo kurudi nyuma ni vigumu. Ule mtindo wa chupi ya kiume iliyokatwa juu kama ya kuogelea wafaa kwa mtu mwembamba ambaye mapaja yake hayakutani, wengine tusijidanganye.

Kwa wanawake kuna makundi mawili hapa. Kama mapaja hayagusani, chupi ya kawaida inayofunika matako yote na isiyohama yatosha. Kama yagusana, na wengi wetu yagusana, taiti fupi ya mpaka nusu ya paja ndio suluhisho, na si lazima uvae chupi chini yake, taiti nyingi za michezo zimeshonwa kuvaliwa peke yake. Ukiweka chupi ya pamba chini ya taiti ya nailoni umerudi palepale, maji yote yakaa katikati. G-string hata tusiijadili.

Wale wanaohaiki na dera au buibui jepesi, na ni wengi tu na watembea vizuri kutushinda, taiti ndefu chini yake yafanya kazi mbili, yazuia mapaja na yasitiri upepo ukipiga. Nyuma ya goti ndio pa kuangalia, kitambaa kisijikusanye hapo.

Kiunoni, mkanda wa lastiki uwe mpana na bapa. Begi kubwa lina mkanda wake unaofungwa juu ya nyonga, sasa chini ya ule mkanda wa begi kuna mkanda wa suruali, chini yake lastiki ya boksa, vyote vimefungamana hapo na jasho. Lastiki nyembamba inayojiviringa itakuachia alama nyekundu kiuno kizima. Vaa begi lenye uzito juu ya nguo zote uone zakutania wapi.

Sidiria pia ni nguo ya ndani jamani, watu huisahau. Isiyo na waya, ya michezo, mikanda ya begani mipana. Ndoano na vile vidude vya kurekebisha urefu visikae chini ya mkanda wa begi wala pale begi linapogusa mgongo, vitakuchimba. Na ule ukanda wa chini ya matiti ndipo vipele vya joto vinapopenda, ukiwa wa pamba nene ni balaa.

4. Mishono

Igeuze nguo nje ndani. Pitisha kidole kwenye kila mshono, alafu upitishe tena kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako ambayo ni nyepesi. Kama wausikia pale, basi mapajani utausikia mara kumi. Wataka mshono bapa, usio na ukingo uliosimama. Mshono wa katikati ya mapaja kabisa ndio mbaya kuliko yote, nzuri huwa na kipande kilichoingizwa pale ili mishono ihame pembeni. Lebo ya kitambaa ikate, na uikate mpaka chini kwa kuutoa uzi, kile kimkia kinachobaki chakwaruza kuliko lebo yenyewe.

5. Pa kununua

Maduka ya michezo kwenye moli yana nzuri, bei utaona mwenyewe. Soko la Kongowea ndiko ninakopenda kupeleka watu, lakini kwa akili. Taiti za michezo na zile kaptura za baiskeli za mitumba ambazo ni nguo za nje zapatikana nzuri sana kule, lebo bado zasomeka, tafuta nailoni au polista nyingi na spandeksi au elastani kama asilimia 10 mpaka 20. Kaptura ya baiskeli iwe haina lile godoro la kukalia, hilo lanywa jasho kama sifongo na ukitembea nalo utajuta. Vuta kitambaa kwa mikono miwili kisha uachilie, kikirudi polepole au kikibaki na mawimbi spandeksi yake imekufa, kiache.

Chupi na boksa zenyewe nunua mpya. KEBS, wale wa viwango vya bidhaa Kenya, wamekataza nguo za ndani za mitumba zisiingizwe nchini, kuziona zimetandazwa kwenye turubali si hoja ya kuzinunua, hujui imetoka kwa nani na lastiki yake imeshaoza kwa joto la kontena.

Nunua moja tu kwanza. Hata kama muuzaji akwambia tatu kwa bei ya mbili, mwambie nitarudi.

6. Jaribio la maji

Hapa ndipo watu wavivu. Dukani kila nguo ni nzuri kwa sababu kuna feni na wewe umekauka. Ukifika nyumbani fanya hivi: ichovye kwenye ndoo ya maji yenye chumvi kidogo, kijiko kimoja kwenye lita moja hivi, ikamue, ivae ikiwa bado yatonesha, vaa suruali au dera utakalohaiki nalo juu yake, jaza begi uzito ule ule utakaobeba, alafu toka. Jioni Mama Ngina pale pana nafasi ya kutembea mpaka uchoke na upepo wa bahari, au kama uko upande wa Nyali shuka ufuoni ukatembee kwenye mchanga laini. Usifanye dakika kumi ukasema iko fiti, saa moja unusu angalau. Na utafute ngazi mahali, upande ushuke, kwa sababu nguo nyengine yatulia vizuri barabarani lakini ukiinua goti yapanda yote.

Ukirudi vua mbele ya kioo uangalie. Alama ya rangi ya waridi inayopotea baada ya kuoga haina neno. Wekundu unaowasha maji yakigusa, hio nguo si yako, mpe mtu mwenye mapaja tofauti na ujaribu nyengine. Angalia pia ni wapi bado pamelowa: kama mkanda wa kiuno ndio pekee haujakauka, jua kwamba mlimani utakuwa na mkanda wa baridi kiunoni.

Ikipita ndio urudi kwa yule muuzaji wa tatu kwa bei ya mbili.

7. Ngapi za kubeba

Safari ya siku moja: uliyovaa na moja kwenye begi, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kubadilisha saa sita mkipumzika kula kwasaidia kuliko mafuta yote ya dunia, na hakuna anayefanya.

Safari ya kulala: tatu. Ya kuvaa, ya kukausha, na ya kulalia, na ya kulalia ndio iwe pamba, isiguse njia. Usitegemee ile uliyofua usiku itakuwa kavu asubuhi, ukungu wa Taita hautakubali na hewa ya Pwani pia wajua mwenyewe. Tumia leso. Itandaze leso kavu, weka chupi iliyokamuliwa juu, viringisha pamoja kwa nguvu, alafu mmoja ashike huku mwengine huku mpinde. Leso yanywa maji yote yaliyobaki, na chupi ya nailoni yatoka hapo yavalika. Kumaliza ibane nyuma ya begi na vibanio ikaushwe na jua mkitembea, wenzako watacheka, wacheke.

Aliye kwenye hedhi au anayeitarajia, chagua chupi yenye ukingo ulionyooka ili mabawa ya pedi yakae, na pedi ibadilishwe mapema kuliko nyumbani kwa sababu jasho lailegeza gundi. Kikombe cha hedhi ni raha kwenye haiki lakini ukijifunze miezi kabla, usikianzie msituni.

8. Mafuta

Mafuta ya mgando, yale ya kwenye kikopo, yapake kabla ya kuondoka nyumbani na sio baada ya kuanza kuuma. Ndani ya mapaja, kwenye maungio, chini ya matiti, na katikati ya matako ndio, pale pia. Mafuta ya nazi najua ndio yetu na kila nyumba yapo, ila yayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi kwa hivyo Mombasa ni maji siku zote, yapotea baada ya muda mfupi na yaacha doa. Krimu ya zinki ya watoto yakaa muda mrefu zaidi na duka la dawa lolote wanayo. Poda kwa haiki siipendi, jasho likiingia yawa uji wenye vidonge na hivyo vidonge vyasugua. Poda ni ya jioni baada ya kuoga na kukauka.

Na kitu ambacho sijaona mtu akikiandika: ukienda haja ukatumia maji, kama tufanyavyo, jifute kwa tishu au kitambaa mpaka pakauke kabla ya kupandisha nguo. Ule unyevu mdogo ukichanganyika na saa mbili za kupanda mlima watosha kuchubua. Beba kitambaa chake maalum. Wenye kuswali njiani ile nguo ya akiba kwenye mfuko yawafaa mara mbili, wana uhakika wa tahara.

9. Kufua

Haraka tu: maji baridi, sabuni ya kawaida, suuza sana. Jiki hapana, yaua spandeksi na sufi. Zile dawa za kulainisha na kunukisha nguo pia hapana, zaacha utando kwenye nyuzi na jasho lashindwa kusambaa. Anika uvulini penye upepo.

10. Na ukichubuka licha ya yote

Simama mapema, ukisikia tu pale paanza kupata moto, usingoje mfike kileleni. Osha kwa maji safi utoe chumvi, gusagusa na kitambaa kikavu bila kusugua, paka mafuta ya mgando tabaka nene, badilisha nguo. Spiriti usiguse, utapiga kelele tembo waje.

Nyumbani kama baada ya siku kadhaa bado pawasha, na paanza kutoa kiduara chenye ukingo mwekundu unaotanuka kutoka kwenye maungio ya paja, hio si mchubuko tena, ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli, mara mbili kwa siku, na usiache mwasho ukiisha, endelea wiki mbili. Dukani wakikupa ile krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani, irudishe. Yatuliza mwasho siku mbili tatu alafu fangasi waenea chini kwa chini. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au pakitoa usaha, au una sukari, nenda kwa daktari moja kwa moja, na mpaka pakauke kabisa taiti zikae kabatini uvae kikoi.